Si wa Damu, Si wa Ndoa

Ngamia aliyempiga Guleid teke hakuwa mkorofi. Alikuwa jike mpole, mali ya muuza maziwa mmoja wa mtaa wa Bulla Iftin, na aliletwa dukani atibiwe jipu la shingoni. Guleid alimkaribia upande mbaya, akiwa bado anaongea na mwenye ngamia, na teke likampata ubavuni. Alipoanguka, kichwa chake kiligonga ukingo wa kizingiti. Weris, aliyekuwa ndani akimhesabia mteja vidonge vya minyoo, alisikia kishindo, akatoka mbio na kumkuta mwenzake amelala macho wazi, haongei.

Duka lao la dawa za mifugo linatazamana na soko la mifugo la Garissa. Chumba ni cha Weris, alikirithi kwa baba yake. Ujuzi ni wa Guleid, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa afisa wa mifugo kule Griftu, na aliyehamia Garissa baada ya kufiwa na mkewe. Wameliendesha pamoja miaka mingi. Guleid hutibu, Weris huuza na kuagiza. Mchana hula pamoja nyuma ya kaunta, wakibishana juu ya habari za redio, na jioni kila mmoja hushika njia yake: Guleid kwenye chumba chake cha kupanga karibu na msikiti, Weris nyumbani kwake. Hapo mwanzo watu walisema, wakachoka kusema. Mlango wa duka hutazama barabara, na haujawahi kufungwa wakiwa ndani wawili.

Pale hospitalini muuguzi alikuwa msichana kutoka Machakos, mwenye sauti ya upole.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Mimi nafanya kazi na yeye," Weris akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Si mke?"

"Hapana."

"Dada yake?"

"Si wa damu, si wa ndoa."

Muuguzi akaiweka kalamu chini. "Basi tunaomba namba ya mtu wake."

Mtu wake alikuwa Nuh, mwanawe wa kwanza, mfanyabiashara wa Bute, ambako mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Madaktari hawakumngoja. Walimpeleka Guleid chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa, na Weris akabaki kwenye benchi la korido. Kila muuguzi aliyepita alimtazama kwa huruma na kusema kwamba habari za mgonjwa hupewa familia. Giza liliingia, akaenda nyumbani kusali na kubadilisha nguo, asubuhi akarudi kwenye benchi lile lile. Hatimaye simu yake ikalia. Alikuwa Nuh, akipiga kutoka kilimani nje ya Bute, ambako mtandao ulishika.

"Eeddo," Nuh alisema, akitumia neno ambalo mtu humwitia shangazi, "wameniambia amezinduka. Wengu umetolewa. Ameomba chai."

Weris alikuwa ameegemea ukuta. Nyuma ya ukuta huo ndipo Guleid alipolala. Habari za mtu aliyekuwa karibu naye kiasi kile zilikuwa zimesafiri mpaka Bute, karibu na mpaka wa Ethiopia, ndipo zikarudi kumfikia yeye.

Angeweza kukasirika, na dada yake Fosia alikasirika kwa niaba yake. Lakini kilichomkaa Weris kichwani hakikuwa hasira. Lilikuwa swali, tena alilibeba kama mtu aliyeokota ufunguo njiani na sasa anajaribu kila kufuli. Kama yeye na Guleid si ndugu, si mume na mke, na neno "wafanyakazi wenza" halitoshi hata kumfungulia mtu mlango wa wodi, basi wao ni nini? Je, mahali popote duniani kitu hicho kina jina?

Aliyemjibu kwanza ni Leyla, binti ya Fosia, anayeishi ng'ambo, Leicester, na kufanya kazi katika ofisi za mji. Humpigia Weris kila Ijumaa.

"Habaryar," Leyla akasema, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo, "huku kipo. Mwanamume na mwanamke wanakwenda kwa msajili, wanatia sahihi, na serikali inawatambua. Mmoja akiugua, mwingine anaitwa. Akifa, mwenzake ana haki zake. Lakini si ndoa."

"Kama si ndoa ni nini?"

"Ni mkataba wa wenza. Mwanzoni uliwekwa kwa ajili ya watu wa jinsia moja, wakati ambapo sheria haikuwaruhusu kuoana."

"Endelea," Weris akasema.

"Baadaye hao wakaruhusiwa kuoana pia, wakawa na njia mbili. Basi mwanamume mmoja na mwanamke wake wakaenda mahakamani, wakauliza mbona wao wana njia moja tu. Walishinda. Sasa wanakuja ofisini kwetu watu wa kila aina. Wengine wamezaa watoto watatu na hawataki kusikia neno ndoa."

"Kwa nini?"

"Wanasema neno lenyewe lina mizigo. Kwamba mwanamke alikuwa akikabidhiwa kama mali."

"Na hizo haki zinatofautiana na za mke?"

Leyla alifikiri. "Kusema kweli, karibu ni zile zile."

"Kwa hiyo wamekwenda mpaka mahakamani kwa ajili ya neno."

"Kwa ajili ya neno, habaryar."

Weris alikata simu akabaki ameketi uani. Hakuwaona wajinga hata kidogo watu hao.

Guleid aliporuhusiwa kutoka hospitali, alirudi dukani akiwa amekonda, akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Weris alimsimulia yote, benchi na Leicester. Guleid aliuliza maswali ya kiserikali, kama alivyozoea: nani anatoza ada, nani anashuhudia, wakikosana nani anawatenganisha. Kisha akasema, "Twende tukaulize hapa kwetu. Kuuliza si kosa."

Katika ofisi ya kusajili ndoa walimkuta kijana aitwaye Abdifatah, aliyedhani wamekuja kwa ajili ya mtoto wao anayeoa. Alipoelewa, alivua miwani.

"Sheria ya Kenya inatambua ndoa za aina tano," akasema. "Ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote ni ndoa. Ukitaka kitu kilicho nje ya hizo tano, sina."

"Na ya kiserikali si ndiyo ya karatasi tu?" Weris akauliza.

"Ya karatasi, lakini utatoka hapo mke wa mtu." Abdifatah alivaa miwani yake tena, akamtazama Guleid, kisha Weris. "Samahani, adeer," akamwita Guleid kwa heshima, kama ami yake, "naomba kuuliza. Kama mnapatana hivyo, kinachowazuia ni nini?"

Guleid alimgeukia Weris, kana kwamba naye alitaka kulisikia jibu. Weris akamshukuru kijana, wakaondoka.

Kadhi alikuwa mtu wa Lamu, hajatimiza miaka arobaini, na siku hiyo alikuwa na mafua. Alizungumza Kiswahili cha kwao, laini, na Weris alimjibu kwa kile chake kinachoruka ngeli.

"Niambie, mama, wataka nini hasa? Liache jina kwanza."

"Yeye akigonjeka, mimi niambiwe. Mimi nikigonjeka, yeye aambiwe. Mmoja akikufa, duka isifungwe. Watoto yake wasinitoe, dada yangu asimtoe yeye. Lakini mimi sitaki kuwa bibi ya mtu tena."

Kadhi akapenga kamasi, akaomba radhi, kisha akayachukua mambo hayo moja baada ya jingine. Wakala, alisema, mtu aweza kumpa yeyote amwaminiye, amwandike kuwa ndiye wa kuitwa na kusema badala yake. Duka ni shirika la watu wawili, na shirika lina masharti yake. Wasia waruhusiwa kwa asiye mrithi, mradi usizidi theluthi. "Yote hayo yamo katika dini yetu tangu zamani," akasema. "Hayahitaji nikahi."

Weris akasogea mbele kwenye kiti. "Basi nikahi inaongeza nini?"

Swali lilimkuta Kadhi ameshika kitambaa. Weris akaona kwamba halikumuudhi. Lilimvutia.

"Nasaba, kama kuna watoto. Urithi wa moja kwa moja. Mahari. Na baraka, maana ni sunna, hiyo nisiiache nyuma." Akasita. "Na halali ya kufunga mlango."

Guleid alitazama viatu vyake.

"Lakini nami nikuulize," Kadhi akaendelea. "Wataka kukimbia nikahi, au wataka kukimbia yale uliyoyakuta ndani yake? Kwa sababu nikahi nayo ni mkataba. Unaweza kusema utakaa kwako, utaendesha duka lako. Haki ambayo ni yako unaweza kuisamehe, na yeye yake pia. Wako masheikh wanaoliruhusu hilo kwa roho safi, wako wanaokunja uso."

"Na kupika?"

"Kupika kumefanyaje?"

"Naweza kuandika sipiki?"

Kadhi alicheka mpaka akakohoa. "Mama, huhitaji kuliandika. Katika madhehebu yetu ya Shafii, wengi wa wanazuoni hawamlazimishi mke kupika. Akipika, ni wema wake."

"Mimi nimepikia waume wawili."

"Allah atakulipa."

"Na hakuna mtu aliniambia."

"Je, uliuliza?"

Hakuwa ameuliza. Lilikuwa jambo la ajabu kuligundua akiwa na umri huo, katika ofisi ya mtu mwenye mafua, kwamba aliishi miaka yote ile ndani ya nyumba ambayo hakuwahi kuizunguka kuona ina milango mingapi.

Walipotoka jua lilikuwa kali kiasi kwamba hata mbuzi walikuwa wamejibanza ukutani. Wakasimama barazani kungoja lipungue. Guleid aliegemea nguzo ili kuupumzisha ubavu.

"Walaal," akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, ndugu. "Umemuuliza Leyla. Umemuuliza kijana wa ofisini. Umemuuliza Kadhi. Mimi hujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Ninataka nini."

"Unataka nini?"

"Mimi ningetaka nikahi." Alisema polepole, kama anayemtajia mfugaji ugonjwa wa mnyama wake. "Nimelifikiria zaidi ya mara moja. Mwaka ule wa ukame, tulipokuwa tukishinda na hesabu za mifugo ya watu iliyokufa, nusura niseme. Sikusema."

"Kwa nini?"

"Ungekataa. Kisha nisingeweza kuja dukani kesho yake, na dukani ndipo ninapopapenda kuliko popote."

Weris alitazama barabara. Punda wa maji alikuwa akivuka, mitungi ikigongana. Alikuwa amemjua mtu huyu kwa tabia zake zote, alijua anavyokunja gazeti na dawa inayomfanya apige chafya, na hili hakulijua. Halikumtisha. Alitaka kulijua zaidi, kisha akaona ni haki kwanza atoe lake.

"Alio hakuwa mbaya," akasema. Alio ndiye mume wake wa kwanza, aliyefariki. "Watu wanadhani nimewachukia waume. Wa pili alinichosha, ndiyo, lakini Alio alikuwa mtu mwema. Isipokuwa tangu siku ile ya nikahi, watu waliacha kuniuliza mambo. Mtu akija kununua mbuzi wangu, mbuzi niliyepewa na baba yangu, anauliza, mwenyewe yuko? Nami namwita Alio. Alio mwenyewe alikuwa akishangaa, lakini alikuwa anatoka nje, anajibu. Polepole nami nikaanza kumngoja ajibu. Talaka iliponitoa kwa yule wa pili, nilikuja kufungua duka, na mtu wa kwanza aliyeingia akaniuliza bei. Mimi. Nilisahau bei kwa furaha."

Guleid alisikiliza. "Mimi ningewaambia wakuulize wewe."

"Najua ungewaambia. Lakini wangeanzia kwako." Akavuta mtandio wake. "Sijui, Guleid. Sijui kama ni nikahi iliyofanya vile, au ni waume, au ni watu tu. Kadhi anasema nikahi haina kosa. Labda. Ndiyo maana nauliza."

"Basi tuanze na yale mengine," Guleid akasema. "Lile moja liache, halina haraka."

Nuh alikuja kutoka Bute alipoitwa. Alikuwa mwanamume mnene mwenye heshima, na aliposikia kwamba babake anataka kuandikisha wakala na wasia wa theluthi kwa Weris, alikaa na kikombe cha chai mkononi bila kunywa.

"Aabo, mbona msioane tu, mambo yaishe?" akasema. "Bute watu wataniuliza, yule mama ni nani wa baba yako? Nitajibu nini?"

"Waambie waje wamuulize yeye."

"Si mzaha, aabo. Na mimi?" Sauti yake ilipungua. "Siku nyingine ukianguka, hospitali itampigia eeddo, si mimi. Mimi ni mwanao."

Weris hakuwa amelifikiria jambo hili. Katika mizunguko yake yote aliwaza mlango uliofungwa mbele yake, wala hakuwaza kwamba akifunguliwa yeye, kuna mtu mwingine anayeweza kuhisi amefungiwa. Aliweka sahani ya halwa karibu na Nuh.

"Siku ile ulipopanda kile kilima kunipigia," akasema, "uliwaambia waniruhusu?"

"Niliwaambia wakuruhusu uingie. Walisema hawawezi kwa simu. Nilisimama pale juu, eeddo, ninakuambia habari za mtu uliyeweza kumsikia akikohoa. Niliona ni upuuzi. Sikulala."

"Basi tuandike majina mawili," Weris akasema. "La kwako, kwa sababu wewe ni mwanawe. Langu, kwa sababu mimi niko karibu. Yeyote anayefika anaambiwa, na anamwambia mwenzake. Uamuzi mkubwa tunaufanya wote wawili, na kama mtandao wa Bute umelala, ninafanya mimi."

Nuh alitazama chai yake. Hatimaye akainywa, ingawa ilikuwa imepoa. "Na theluthi ni sheria," akasema. "Siwezi kupinga sheria."

Hakuwa amefurahi, lakini alikuwa shahidi mbele ya wakili waliyempa kazi ya kuyaandika hayo, na kabla ya kurudi Bute alipita dukani kununua dawa ya kupe, akamuuliza Weris ipi inafaa, akanunua hiyo hiyo.

Wakili alipomaliza kuandika aliuliza aweke kichwa gani juu. Makubaliano ya biashara yalikuwa madogo mno. Nayo hayakuwa makubaliano ya ndoa. Guleid alipendekeza paachwe wazi, wakili akasema haiwezekani, na mwishowe pakaandikwa "Makubaliano kati ya Weris na Guleid". Weris aliona hiyo ndiyo kweli kuliko zote.

Mambo ya mji mdogo hayafichiki. Wiki hazikupita nyingi kabla wanawake wa sokoni hawajaanza kuuliza. Wajane wawili walimwendea Kadhi, naye akamtumia Weris salamu kwamba ofisi yake sasa imejaa maswali, ila hakusikika kama mtu anayelalamika. Fosia alimwambia dada yake kwamba amelikoroga. Lakini Weris, aliyeanza kuuliza kwa ajili yake mwenyewe, aligundua kwamba hawezi kuacha. Kila aliyemkalia karibu alimuuliza: ungepewa njia mbili, nikahi na mkataba wa wenza, ungechagua ipi? Mchana, wakila nyuma ya kaunta, alimletea Guleid majibu.

Nasteho, mwalimu wa shule ya msingi, alisema angechagua nikahi bila kufikiri, kwa sababu kitu kisicho na baraka hawezi kukilalia. Mwanamke mmoja aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Ifo alisema kwao ndoa ndiyo karatasi pekee ambayo haikuhitaji muhuri wa shirika lolote, naye hataki kuipoteza. Msichana wa duka la simu alisema hataki njia yoyote kwa sasa, asante.

"Na wa leo?" Guleid akauliza, akimega anjera.

"Leo ni Hinda, yule muuza kunde. Ameolewa miaka thelathini na mtu yule yule."

"Bila shaka amechagua nikahi."

"Hapana. Amesema kama hiyo njia nyingine ingekuwapo, angetia sahihi karatasi kwanza, na mume huyo huyo. Akae naye miaka kadhaa, amwone anavyoishi. Kisha ndipo amwambie kama anamtaka."

Guleid alicheka, akafuta midomo. Nje mfugaji alikuwa amesimama na mbuzi mwenye kikohozi, na ikabidi ainuke. Alikwenda mpaka mlangoni, akageuka.

"Sisi tumekwisha kukaa miaka kadhaa," akasema.

"Tumekaa," Weris akakubali.

Alimtazama akichuchumaa kusikiliza mapafu ya mbuzi, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa. Kisha akamfunikia chakula chake kisiingie vumbi, akaketi kumngoja arudi, kwa sababu juu ya lile moja lisilo na haraka kulikuwa na jambo ambalo bado hakuwa amemuuliza.